Brigi Merkuriy: ilinusurikaje mbele ya mizinga 184, na ilitumika wapi miaka yake 37?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nimekutana na habari za brigi ya kivita ya Urusi iitwayo Merkuriy, kwamba mwaka 1829 ilipigana peke yake na manowari mbili kubwa za Waturuki ikatoka salama. Wengine wanasema ilizizamisha zote mbili, wengine wanasema ni hadithi iliyotungwa kumfurahisha Tsar. Ukweli ni upi? Tena brigi yenyewe ilikuwa chombo cha namna gani, na ilifanya kazi gani kabla na baada ya siku ile?

Jibu: Marahaba. Mapigano yalitokea kweli, na Merkuriy haikuzamisha chombo chochote. Ilichofanya ni kuharibu kamba na foromali (miti ya kutandazia matanga) za maadui wawili, mmoja baada ya mwingine, hadi kila mmoja akashindwa kuendelea kuifukuza. Hilo ni jambo kubwa kuliko kuzamisha, ukizingatia kilichokuwamo ndani ya brigi ile. Nitaanza na chombo chenyewe, maana bila kukijua, habari za mapigano hazieleweki.

Merkuriy iliundwa Sevastopol, katika Rasi ya Krimu, na fundi mkuu aliyeitwa Ivan Osminin. Mkuku, yaani mti wa chini unaobeba chombo kizima, uliwekwa Januari 1819, na chombo kikashushwa majini Mei 1820. Mbao zake zilikuwa za mwaloni wa Krimu. Urefu ulikuwa kama mita 29 na nusu, upana mita 9 na ushei. Kina chake majini kilikuwa chini ya mita 3, kidogo kuliko cha brigi nyingine za jeshi hilo. Ilikuwa na milingoti miwili yenye matanga ya mraba, kama brigi zote, na mabaharia na maofisa 115. Silaha zake zilikuwa karonadi 18 (mizinga mifupi, nitaieleza baadaye) za ratili 24 na mizinga miwili midogo ya kuhamishika. Ndiyo maana utaona vitabu vingine vinaiita brigi ya mizinga 18 na vingine ya mizinga 20. Zote ni hesabu sahihi, inategemea kama ile midogo imehesabiwa.

Kile kina kifupi hakikuwa bahati mbaya ya fundi. Chombo kilitengenezwa kwa ajili ya doria kwenye pwani ya Kaukazi, ambako bandari za maana zilikuwa chache na kazi ilikuwa kufuata vyombo vidogo vya magendo hadi karibu na ufuo. Kwa kazi hiyo ikapewa pia makasia marefu, saba kila upande, yanayovutwa na watu waliosimama. Lakini kila kitu kina gharama yake. Merikebu yenye kina kifupi haishiki maji vizuri inapokwenda joshi, yaani kuelekea upepo unakotoka. Husukumwa pembeni na upepo, na mwendo wake huwa mzito. Merkuriy ilijulikana kuwa si chombo cha mbio. Shika jambo hili, kwa sababu ndilo lililoifanya ikamatwe na adui siku ile, na yale makasia ndiyo yaliyoipa nafasi ya kupumua.

Jina nalo lilikuwa la urithi. Katika vita kati ya Urusi na Sweden vya 1788 hadi 1790 kulikuwa na kata (chombo kidogo cha kivita chenye mlingoti mmoja) iliyoitwa Merkuriy, iliyosifika sana chini ya nahodha Roman Crown. Ukitafuta habari, usizichanganye hizo mbili: ile ya kwanza ni ya Bahari ya Baltiki.

Tangu 1820 hadi 1827 kazi ya brigi ilikuwa doria, hasa pwani ya Abkhazia, pamoja na kupeleka habari na kuwazoeza mabaharia. Hakuna mengi ya kusimulia hapo. Mwaka 1828 Urusi na Dola ya Uthmaniya zikaingia vitani, na Merkuriy ikawa katika kikosi cha Admirali Aleksey Greig kilichoizingira Anapa, ngome iliyosalimu amri Juni mwaka huo. Kamanda wake wakati ule alikuwa Semyon Stroynikov. Likumbuke jina hilo. Mwanzoni mwa 1829 brigi ikakabidhiwa kwa Aleksandr Kazarskiy, kapteni-luteni aliyezaliwa 1797, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa ameongoza chombo cha mizigo kilichofungwa mzinga, akapiga ngome za Anapa na Varna kutoka majini. Huyu alikuwa mtu wa mizinga kwa uzoefu, si kwa maneno. Stroynikov yeye akapewa frigeti mpya ya mizinga 36 iitwayo Rafail.

Februari 1829 Warusi waliteka Sizopol, kwenye pwani ya magharibi ya Bahari Nyeusi, wakaifanya kituo chao cha mbele. Kutoka hapo walipeleka vyombo vya upelelezi kuangalia mlango wa Bosforo, ili wajue mara tu meli za Sultani zikitoka. Tarehe 12 Mei, kwa kalenda ya zamani ya Urusi, Rafail ilijikuta katikati ya meli hizo, ikashusha bendera bila kupigana. Siku mbili baadaye, tarehe 14 Mei, vyombo vitatu vya Kirusi vilikuwa doriani upande huohuo: frigeti Shtandart, brigi Orfey na Merkuriy. Alfajiri wakaona meli 14 za Uthmaniya, sita kati yake zikiwa manowari kubwa za safu. Kiongozi wa kikosi, Sakhnovskiy wa Shtandart, akatoa ishara kwamba kila chombo kichague njia inayokifaa zaidi. Shtandart na Orfey zilikuwa na mbio, zikatangulia. Merkuriy ikabaki nyuma.

Waliomfuata Kazarskiy walikuwa wawili: Selimiye yenye mizinga 110, iliyombeba Kapudan Pasha mwenyewe, mkuu wa jeshi la majini la Uthmaniya, na Real Bey yenye mizinga 74. Jumla mizinga 184. Alasiri walikaribia kufikia umbali wa kupiga, kisha upepo ukafa. Hapa makasia yakatoka. Manowari ya mizinga 110 haina namna ya kujivuta kwa makasia. Kukiwa shwari inakaa ilipo kama kisiwa. Kwa muda usiozidi nusu saa brigi ilijivuta mbele, na Waturuki wakabaki nyuma na matanga yamelegea. Upepo uliporudi hesabu ikageuka. Milingoti mirefu ya manowari kubwa hushika upepo wa juu, na pengo likaanza kuziba tena.

Kazarskiy akaita baraza la maofisa. Kwa desturi ya majini mwenye cheo cha chini husema kwanza, ili asije akayumbishwa na maneno ya wakubwa wake. Aliyeanza alikuwa Ivan Prokofyev, wa kikosi cha waongoza njia. Akasema wapigane hadi mwisho, na wakishindwa kabisa, brigi ilipuliwe. Wenzake, luteni Skaryatin na Novosilskiy na ofisa mdogo Pritupov, wakakubali. Bastola yenye risasi ikawekwa kwenye duara ya kuvutia nanga, karibu na mlango wa ghala ya baruti. Ofisa wa mwisho atakayebaki hai angeipiga ndani ya baruti. Mlinzi akawekwa kwenye kamba ya bendera, na amri kwamba bendera isishuke kwa sababu yoyote.

Hayo ndiyo masimulizi yanayopendwa na wengi. Kwangu mimi hatua iliyofuata ina uzito zaidi. Kulikuwa na mashua ndogo imening'inia tezi, yaani nyuma ya chombo, ikiziba tundu za nyuma. Kazarskiy akaamuru ikatwe ianguke baharini, na ile mizinga miwili midogo ikahamishiwa kwenye tundu hizo ili impige anayekuja nyuma. Anayepoteza mashua yake ya nyuma ameshaacha kufikiria kukimbia, anafikiria kupiga.

Sasa tuje kwenye ufundi wa mapigano yenyewe, maana hapo ndipo swali lako lilipo. Karonadi ni mzinga mfupi, mnene. Kwa kawaida ya zama hizo karonadi ya ratili 24 ilikuwa na uzito kama robo tu ya mzinga mrefu unaorusha tufe lilelile. Baruti yake ilikuwa kama sehemu moja ya 12 ya uzito wa tufe, wakati mzinga mrefu ulikula hadi theluthi. Ndiyo maana chombo kidogo kiliweza kubeba 18 bila kupinduka, na watu wachache wakaipakia upesi. Hasara yake ni umbali. Ukivuka mita mia chache, tufe linachoka na shabaha inapotea. Lakini kwa karibu, tufe la takriban kilo 12 likigonga mbao au kamba, halijali limetoka kwenye mzinga mfupi au mrefu. Kwa hiyo Merkuriy ilikuwa dhaifu kabisa mbali, na hatari kweli karibu. Waturuki walitaka kuiteka, si kuizamisha, baada ya kuipata Rafail kwa wepesi namna ile. Kwa hiyo wakaja karibu wenyewe.

Jambo la pili ni pembe. Manowari inayofukuza inaweza kutumia mizinga michache tu ya omo, yaani ya mbele, kwa sababu nguvu yake yote iko ubavuni. Ikitaka kupiga ubavu mzima lazima igeuke, na ikigeuka inapoteza mwendo, na anayefukuzwa anapata nafasi. Kazarskiy alilitumia hilo kwa saa kadhaa. Kila Selimiye ilipojaribu kuja ubavuni, brigi iligeuzwa kwa usukani, matanga na makasia ili ibaki mbele ya omo ya adui. Ubavu wa kwanza wa Selimiye haukuleta madhara makubwa. Baadaye manowari zile zilifanikiwa kuiweka brigi katikati, moja kila upande, zikapiga, na kutoka Selimiye mtu akapaza sauti kwa Kirusi akiwataka wajisalimishe na kushusha matanga. Wakajibiwa kwa mizinga yote na bunduki. Manowari zikarudi nyuma tena na kuendelea kupiga kwa matufe, vyuma vilivyounganishwa kwa ajili ya kukata kamba, na makombora ya moto. Brigi ilishika moto, ukazimwa kila uliporuka.

Kisha mpiga mzinga Ivan Lisenko akaigonga Selimiye mahali pake. Matufe yaliharibu kamba za juu za mlingoti mkuu, na chini yakakata kamba inayouvuta mlingoti wa maji, ule mti unaotokeza mbele ya omo, kuelekea majini. Watu wengi hupita haraka hapo, nami naomba usimame kidogo. Mlingoti wa maji huvutwa juu muda wote na kamba zinazoshika mlingoti wa mbele. Kinachouzuia usiinuke ni hiyo kamba ya chini. Ikikatika, mlingoti wa maji unaanza kucheza, kamba za mbele zinalegea, na mlingoti wa mbele hauna tena wa kuushika. Nahodha anayeendelea na matanga yote katika hali hiyo anaweza kupoteza milingoti yake mmoja baada ya mwingine ndani ya dakika chache. Hakuna njia ila kugeuza kwenye upepo, kusimama na kutengeneza. Selimiye ikafanya hivyo. Kabla ya kuachana na brigi ilipiga ubavu mzima, ikaing'oa karonadi moja kutoka mahali pake.

Ikabaki Real Bey, ambayo ilikuwa imetandaza hata matanga ya nyongeza, yale yanayotokezwa nje ya foromali ili kushika upepo wa nyuma. Ilikuwa ikivuka huku na huku nyuma ya brigi, ikipiga kwa zamu ubavu huu na ule, na hayo ndiyo yalikuwa mashambulizi mabaya kuliko yote, kwa sababu tufe linaloingia tezi husafiri urefu mzima wa chombo. Brigi ikafaulu kuivunja foromali ya mlingoti wa mbele. Foromali ikaanguka, na yale matanga ya nyongeza yakaanguka nayo, yakaziba tundu za mizinga ya omo. Kwa pigo moja Real Bey ikapoteza mwendo na silaha zake za mbele. Nayo ikageukia upepo na kuacha. Ilikuwa karibu na saa kumi na moja na nusu jioni.

Sasa ushahidi. Kuna barua inayohesabiwa kuwa ya mwongoza njia wa Real Bey, inayomsifu Kazarskiy sana, na waandishi wengi huegemea hiyo. Mimi nisingejenga hoja juu yake. Orodha ya uharibifu inatosha: matundu 22 kwenye mwili wa chombo, 16 kwenye milingoti na foromali, 133 kwenye matanga, 148 kwenye kamba. Waliokufa ni 4 na waliojeruhiwa 6, na Kazarskiy mwenyewe alipata mshtuko wa kichwa. Jumlisha uone: mapigo 319, na 281 kati yake ni ya matanga na kamba. Ni 22 tu yaliyoingia kwenye mbao za ubavu, chini ya moja katika kumi.

Wanaotilia shaka huuliza kwa nini wafu ni wachache hivyo kama kweli mizinga 184 ilipiga. Orodha hiyo inawajibu. Kwanza, mizinga 184 haikupiga kwa pamoja. Kwa muda mrefu zilipiga zile chache za omo. Pili, Waturuki walilenga juu, wakitaka kuisimamisha brigi na kuichukua. Tatu, brigi ilikaa chini sana majini, na mizinga ya sitaha za juu za manowari haiinamishwi chini ya kiasi fulani, kwa hiyo matufe mengi yalipita juu ya vichwa na kuchana matanga. Sehemu yenye watu wengi ndiyo iliyopigwa kidogo. Mtu anayetunga ushindi hatungi uharibifu wa namna hiyo. Angeweka matundu mengi ubavuni na wafu wengi zaidi.

Merkuriy ilikutana na meli za Greig siku ya pili yake, zikiwa zinatoka Sizopol. Tuzo zilikuwa kubwa. Kazarskiy na Prokofyev walipewa nishani ya Mtakatifu Georgi daraja la nne, maofisa wengine nishani ya Mtakatifu Vladimir, mabaharia wote nishani ya kijeshi ya askari wa kawaida, na picha ya ile bastola ikaongezwa kwenye ngao za ukoo za maofisa. Brigi ikapewa bendera ya Mtakatifu Georgi, ya pili katika historia ya jeshi la majini la Urusi baada ya manowari Azov. Amri ya Tsar Nikolai wa Kwanza ya Julai 1829 ikasema kwamba katika Bahari Nyeusi lazima daima kuwe na chombo chenye jina hilo, na bendera ihamishwe kutoka kimoja kwenda kingine.

Na Stroynikov? Alikuwa mfungwa ndani ya Real Bey siku ile, akaitazama brigi aliyokuwa akiiongoza mwaka uliotangulia ikifanya kile ambacho yeye hakukifanya. Aliporudi Urusi alivuliwa cheo akawa baharia wa kawaida. Tsar aliamuru Rafail ichomwe popote itakapoonekana, na ikachomwa kweli Sinop, bandari ya Waturuki, mwaka 1853, ikiwa chini ya bendera ya Uthmaniya, katika mapigano yaliyoongozwa na Admirali Nakhimov wa Urusi. Kazarskiy hakuiona siku hiyo. Alifariki ghafla katika mji wa bandari wa Nikolaev mwaka 1833, na tetesi za sumu hazijakoma hadi leo. Mnara wake ulizinduliwa Sevastopol 1839 kwa juhudi za Admirali Lazarev, ukiwa na maandishi yanayosema kwamba ni mfano kwa vizazi.

Baada ya matengenezo brigi ilirudi kazini, na habari hii huachwa na wengi kana kwamba ilitoweka jioni ile. Ilibaki kwenye orodha hadi Novemba 1857, ikafutwa kwa uchakavu na kuvunjwa Nikolaev. Miaka 37 ni mingi mno kwa merikebu ya mbao katika bahari ile. Ghuba ya Sevastopol ilikuwa na sifa mbaya ya minyoo ya baharini inayotoboa mbao, tatizo ambalo wenye majahazi wa pwani yetu wanalijua na ndiyo sababu huyapandisha ufuoni na kuyapaka deheni. Chombo hakifiki umri huo bila kufunguliwa, mataruma (mbavu za chombo) na mbao zilizooza kutolewa na kuwekwa mpya. Bila shaka heshima ya bendera ile ilichangia. Brigi nyingine ingeuzwa kuni mapema zaidi.

Mwaka 1857 haukuwa wakati mzuri wa kupata mrithi. Mkataba wa Paris wa 1856, uliomaliza Vita vya Krimu, uliikataza Urusi kuwa na jeshi la majini la maana katika Bahari Nyeusi, isipokuwa meli chache ndogo za mvuke. Mrithi, korveti (manowari ndogo) ya mvuke iitwayo Pamyat Merkuriya, yaani Kumbukumbu ya Merkuriy, ilishushwa majini 1865. Katika miaka ya 1880 jina likahamia kwa kruza (manowari ya mbio), kisha mwaka 1907 kwa kruza nyingine iliyokuwa ikiitwa Kagul. Hii ya mwisho ilibadilishwa jina kuwa Komintern baada ya mapinduzi, na mwaka 1942 ikazamishwa kwa makusudi karibu na Poti iwe kizuizi cha mawimbi.

Ukitaka kufuatilia zaidi, angalia tarehe kwa makini. Kalenda ya Urusi ya karne ya 19 ilikuwa nyuma kwa siku 12, kwa hiyo 14 Mei yao ni 26 Mei yetu. Ukikuta vitabu viwili vinatofautiana kwa siku hizo 12, vinazungumzia siku moja. Na ukikuta meli iitwayo Merkuriy bila mwaka wala aina ya chombo, itafute kwanza hiyo aina, maana jina limetumika kwa kata, brigi, korveti na kruza.